Kaka yangu amejiua, wifi ananipigia kila usiku, nami nimeishiwa nguvu

Binti_Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, mwenye kejeli apite tu. Ni wiki ya saba sasa tangu kaka yangu ajiue. Msibani watu walijaa maturubai mawili, yaliposhushwa kila mtu akarudi kwake. Wifi yangu kabaki na watoto wawili, na kila usiku ananipigia mimi. Saa nane usiku: "Wifi, jioni ile aliniomba maji, mbona sikumtazama usoni?" Namtuliza mpaka adhana, halafu napanda daladala kwenda kazini macho mekundu. Juzi nilizima simu. Nililala fofofo, asubuhi nikajichukia. Mtoto mdogo anauliza baba kafa na nini, wakubwa wanamwambia presha. Na shangazi yetu anadai wifi ndiye "aliyemkera". Nifanyeje?

Nesi_Mstaafu: Pole mwanangu. Umemwandika wifi tangu mwanzo hadi mwisho, lakini nawe umefiwa na kaka. Wewe nani kakupa pole? Simu usizime kimyakimya. Mwambie mchana, "Kuanzia saa nne usiku nalala, ukizidiwa mpigie fulani." Huyo fulani mpangeni kwa zamu, kama mlivyopanga zamu za kupika msibani. Ila akisema anataka kumfuata mumewe, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali usiku huohuo. Hapo hakuna habari ya zamu.

Mkali_wa_Kanda: Ajikaze tu, muda ni tabibu.

Mjane_Kahama: Mkali, niliambiwa hivyo mwaka mzima, nikajifunza kulia bafuni. Binti, mume wangu naye alikwenda hivyo. Swali la "mbona sikuona" usilitafutie jibu, msikilize tu. Mimi alinisaidia shemeji aliyekuwa anakuja Jumamosi, anachota maji, anamtaja marehemu kwa jina na kucheka vituko vyake. Wengine walilikwepa jina lile kama deni. Na mtoto mwambieni kweli kwa maneno machache: baba alikuwa na maumivu makubwa moyoni, akajiua, na wewe hukukosea kitu. Msipomwambia nyie, atamwambia mwenzake shuleni, na atakavyomwambia hamtapenda.

Binti_Mbagala: Asante dada, umeniliza. Padri alitusomea misa, lakini mtaani wanasema kaka hakustahili.

Katekista: Sheria ya Kanisa ya 1917 ndiyo iliyomnyima mazishi aliyejiua kwa makusudi. Ile ya 1983 iliondoa katazo hilo. Katekisimu nayo, namba 2283, inatuambia tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Shangazi asomewe.

Binti_Mbagala: Mrejesho wakuu. Mdogo wetu wa Morogoro kachukua usiku wa Jumatatu hadi Jumatano. Wifi mwenyewe kasema alikuwa anaona aibu kunipigia, ila hakuwa na mwingine. Leo nalala. Shangazi namwachia Katekista.