Mjadala: Siasa zitoke vyuoni, au zitoke za upande mmoja tu?

Wadau, kila uchaguzi ukikaribia kauli ni ileile: mwanafunzi akasome, siasa aziache getini. Mimi naipinga, na naanza na historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300. Lakini walikuwa wamegusa pia mishahara ya wakubwa, naye akajipunguzia wa kwake kwa asilimia 20. Machi 1978 vijana wakatoka tena, safari hii kupinga nyongeza ya maslahi ya mawaziri na wabunge. Mamia wakarudishwa makwao.

La 1970 ndilo linaloniuma zaidi. USARF, kundi la wanafunzi wa mrengo wa kushoto ambalo Museveni aliwahi kuliongoza, lilipigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche. Wakaambiwa Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, unatosha pale chuoni. Tulieni hapo kidogo. Siasa hazikuondoka Mlimani, ziliachwa za upande mmoja. Na Cheche halikuwa jarida la matusi. Mwaka huohuo lilitoa uchambuzi wa Issa Shivji, kijana wa sheria wakati huo, kuhusu mapambano ya kitabaka nchini.

Chuoni kwetu niliyaona hayohayo. Mgombea anaeleza vizuri kabisa habari za bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) kuchelewa na watu kulala wawili kitanda kimoja hosteli, halafu vimbwetani, kwenye viti vya nje tunapokaa kupiga soga, swali ni moja: "Huyu ni wa nani?" Akidhaniwa wa upinzani, ukumbi ghafla una shughuli nyingine. Wenye mashati ya kijani ya CCM wao hawakuwahi kukosa ukumbi.

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ana haki ya kuogopa mabomu ya machozi na barua ya kusimamishwa masomo. Simbezi. Ila mtoto huyo ana miaka 21, anapiga kura, na mkopo wake unaamuliwa na wanasiasa.

Msimamo wangu: ukumbi uwe wazi kwa chama chochote chenye usajili, kwa utaratibu mmoja, na fedha za vyama zisiingie kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Anayetaka marufuku aje atueleze hapa: ataanza kufunga tawi la nani?