Ulinganisho: ni msaada upi wa kusoma na kuandika kitaaluma unaomfaa mwanafunzi wa uuguzi?

Zamu ya Usiku

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada na nimerudi chuoni kusomea shahada huku nikiendelea na kazi. Wodini sina wasiwasi, lakini maoni ninayopewa kwenye insha ni yaleyale: nasimulia badala ya kuchambua. Makala za utafiti nazo zinanichukua muda mrefu kuliko nilio nao kati ya zamu na zamu.

Chuo kinatoa msaada wa aina nne. Kuna kituo cha uandishi kinachohudumia wanafunzi wa fani zote, warsha zinazofundishwa ndani ya masomo yetu ya uuguzi, vikundi vya kujisomea vinavyoongozwa na wanafunzi waliotangulia, na mwongozo wa mtandaoni ambao mtu anausoma kwa wakati wake. Wenzangu wengi wanaongeza njia ya tano, yaani programu za akili mnemba. Ninaweza kumudu njia mbili kwa muhula mmoja. Ninaomba ulinganisho kutoka kwa waliozitumia au wanaozifundisha.

Mwalimu wa Stadi

Ndugu Zamu ya Usiku, karibu. Kabla ya kulinganisha, tenganisha kwanza shida yako, kwa sababu kusoma makala, kuandika hoja na kukumbuka ulichosoma ni mambo matatu, na hakuna huduma moja inayoyatibu yote kwa kiwango kimoja.

Ninafanya kazi katika kituo cha uandishi, hivyo nianze na upande wangu. Tunachokifanya vizuri ni kukusaidia kulisoma swali. Kitenzi cha swali ndicho kinachoamua kazi: “eleza” hakidai kile kinachodaiwa na “tathmini”, na wanafunzi wengi hujibu mada wakaliacha swali. Tunaangalia pia kama kila aya ina hoja moja, kama hoja hiyo ina ushahidi, na kama ushahidi umefafanuliwa au umebandikwa tu. Tusichoweza ni kukuambia kama ushahidi wenyewe unatosha kwa uuguzi, kwa kuwa wengi wetu hatuna taaluma hiyo. Mwongozo wa mtandaoni unafaa kwa mambo yenye kanuni, kama vile mpangilio wa marejeo. Zaidi ya hapo haukusomi wala haukujibu.

Mkufunzi wa Uuguzi

Shikamooni wakubwa, na habari kwa wengine. Ninakubaliana na Mwalimu wa Stadi, na kwa sababu hiyohiyo ninaziweka warsha za ndani ya somo mbele ya nyingine zote. Nitatoa mfano.

Mwanafunzi ameandika hivi kuhusu vidonda vinavyompata mgonjwa aliyelalia upande mmoja muda mrefu: “Ili kuzuia vidonda vya mgandamizo, mgonjwa aligeuzwa kila baada ya saa 2, kwani huo ndio utaratibu.” Mwalimu wa fani nyingine atamwambia aongeze uchambuzi, na atakuwa sahihi, lakini mwanafunzi ataondoka bila kujua achambue nini. Mkufunzi wa uuguzi atamuuliza palepale: saa 2 zimetoka wapi? Mgonjwa amelalia godoro la aina gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika nyumba za kutunzia wazee za Marekani na Kanada, ulilinganisha kugeuza kila saa 2, 3 na 4 kwa watu waliokuwa kwenye hatari ya kupata vidonda hivyo na waliolala juu ya magodoro maalumu ya povu, na haukuona tofauti ya kitakwimu baina ya makundi. Sasa mwanafunzi ana jambo la kupima: je, matokeo hayo yanamhusu mgonjwa wa upasuaji anayelalia godoro la kawaida? Hapo ndipo uchambuzi unapoanzia, na mtu hawezi kuufikia kwa kufundishwa muundo wa aya peke yake.

Warsha zina udhaifu wake. Mara nyingi huwekwa mapema mno, wakati mwanafunzi hana kazi yoyote mkononi, na akipewa insha wiki kadhaa baadaye amekwisha kusahau. Ulizia kama warsha za chuo chako zimefungamanishwa na insha fulani inayosahihishwa. Kama hazikufungamanishwa, thamani yake inashuka sana.

Mkutubi

Ninaona maktaba imesahaulika, ingawa nusu ya shida ya Ndugu Zamu ya Usiku iko kwetu. Anayelalamika kwamba makala zinamchukua muda mrefu huwa anasoma makala ambazo hakupaswa kuzisoma. Swali likigawanywa katika sehemu nne, yaani mgonjwa ni nani, hatua gani inachukuliwa, inalinganishwa na ipi, na tunatarajia tokeo gani, maneno ya kutafutia hujitokeza yenyewe, na orodha ya makala kwenye hifadhidata za tiba na uuguzi kama PubMed au CINAHL hupungua hadi kiasi kinachosomeka. PubMed haina malipo. CINAHL hupatikana kupitia maktaba iliyoilipia.

Makala yenyewe haina haja ya kusomwa kutoka juu hadi chini kama hadithi. Makala nyingi za utafiti zina mpangilio mmoja: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Anza na ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, ili ujue kama inakuhusu, nenda kwenye matokeo na mjadala, kisha rudi kwenye mbinu ukiwa na maswali: walioshiriki walikuwa nani, walichaguliwaje, kilipimwa nini. Sehemu ya mbinu ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayompa mwanafunzi cha kuchambua.

Kuhusu akili mnemba ninaonya jambo moja. Programu hizi zinaweza kutunga marejeo ambayo hayapo, zikiwa na jina la mwandishi, jarida na mwaka unaoonekana wa kweli. Kila rejea itafutwe kwenye hifadhidata na ifunguliwe kabla ya kuingia kwenye insha.

Mwaka wa Nne

Mimi ninatetea vikundi, kwa sharti kwamba visitumike kwa kazi isiyo yake. Mpango wa aina hii unaojulikana zaidi ulianzishwa mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, na wazo lake kuu lilikuwa kulenga masomo magumu, si wanafunzi dhaifu. Kwa hiyo kuhudhuria si aibu. Kwetu uuguzi masomo hayo ni fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, na famakolojia, yaani elimu ya dawa.

Kikundi chetu hakisomi kitabu pamoja. Mtu anapewa karatasi tupu, anachora kwa kumbukumbu jinsi mwili unavyorekebisha shinikizo la damu kupitia kemikali zake ziitwazo renini na angiotensini, anaonyesha kila dawa inazuia hatua ipi, halafu ndipo kitabu kinafunguliwa ili kusahihisha. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojijaribu kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Mtihani wetu hauji baada ya dakika 5, na mgonjwa vilevile.

Kwa insha, hapana. Kikundi kikikosea, kosa linawaenea wote, na insha zilizoandikwa meza moja zinaweza kufanana kiasi cha kuleta tuhuma za udanganyifu.

Zamu ya Usiku

Nawashukuru sana. Nina swali moja zaidi. Muhula huu tuna insha ya tafakuri kuhusu tukio la wodini. Je, hiyo naipeleka kituo cha uandishi, au ibaki kwa mkufunzi?

Mkufunzi wa Uuguzi

Unaweza kuipeleka, lakini kabla rasimu haijaondoka mikononi mwako, futa jina la mgonjwa, namba ya kitanda, jina la hospitali, tarehe, na ugonjwa adimu unaoweza kumtambulisha. Sharti hili ni zito zaidi kwa programu ya akili mnemba, kwa sababu ukishaibandikia maelezo ya mgonjwa huna tena mamlaka juu ya yanakokwenda. Siri ya mgonjwa haikomi kwenye mlango wa wodi.

Vyuo vingi hutumia mzunguko wa tafakuri wa Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Wanafunzi humaliza nafasi yao kwenye maelezo ya tukio, na hatua ya uchambuzi, ambayo ndiyo hubeba alama nyingi, inaambulia sentensi chache. Hapa kituo cha uandishi kinafaa sana, kwani msomaji asiye muuguzi huona haraka mahali simulizi ilipozidi.

Zamu ya Usiku

Basi nitachukua warsha za ndani ya somo, kwa kuwa nimeulizia na zinaendana na insha ya pili, pamoja na kikundi cha famakolojia. Insha ya tafakuri nitaipeleka kituo cha uandishi mara moja tu. Kwa Mkutubi nitapita kabla ya kuanza kutafuta makala.

Mwalimu wa Stadi

Mpango mzuri. Siku ya kuja kituoni, njoo na swali kama lilivyotolewa, vigezo vya usahihishaji, na maoni ya insha iliyotangulia. Rasimu si lazima iwe imekamilika. Aya mbili zinatutosha kufanya kazi, na ukija mapema utakuwa bado na nafasi ya kubadilisha mpangilio mzima ikibidi. Anayekuja usiku wa kuamkia siku ya kukusanya tunamsaidia tahajia na alama za uakifishaji tu.