Kiraka cha ateri ya shingo: vena ya mguuni au cha kiwandani?

HOJA: Mgonjwa wa Kigoma au Tabora ameshapata kiharusi cha kupita (dalili zimekuja na kuisha zenyewe), na ateri yake ya karotidi, ile ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo, imeziba asilimia 70 au zaidi. Anapewa rufaa Mwanza au Dar es Salaam. Ateri ikishapasuliwa na kusafishwa, ifungwe kwa kiraka gani: kipande cha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) au cha kiwandani?

SISTA WA THIETA, TABORA: Vena yake mwenyewe. Hainunuliwi, haishiki maambukizi kirahisi, na matundu ya sindano hayavuji kama ya kiraka cha PTFE (aina ya plastiki). Upasuaji huu unafaa ufanyike ndani ya siku 14 tangu dalili. Muda wa kungoja kiraka kiagizwe haupo.

DAKTARI WA UPASUAJI, KIGOMA: Vena ipi, Sista? Ya kwenye kifundo cha mguu ni nyembamba. Ikikutana na presha ya ateri inaweza kuchanika katikati, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza. Shingo inavimba ghafla na koo linabanwa. Hilo likitokea mgonjwa awe wodini, si kwenye behewa la kurudi Kigoma. Ichukuliwe ya pajani, karibu na kinena. Ijazwe maji ya chumvi taratibu. Ikijaa bado kipenyo chake kiko chini ya milimita 3.5, iacheni.

SISTA: Ya pajani ndiyo inayotegemewa kesho akihitaji upasuaji wa mishipa ya moyo, Daktari. Na baadhi yao watauhitaji.

DAKTARI: Basi vena ya jugula ya nje, iko palepale shingoni. Ikunjwe safu mbili. Ila kiraka chochote kisizidi milimita 5 au 6 kwa upana. Kikiwa kipana, ateri inafanya puto, damu inazubaa humo na kuganda. Kishonwe kwa polipropilini 6-0, uzi mwembamba wa plastiki: sindano iingie kiraka kutoka nje, itokee ateri kutoka ndani, la sivyo utando wa ndani unabanduka.

MTAALAMU WA ULTRASAUNDI, KIGOMA: Kwa kiharusi na vifo, vena na cha kiwandani havijaachana sana, kinachojulikana ni kwamba kushona bila kiraka kunaongeza hatari ya ateri kuziba tena. Mimi naangalia mgonjwa atakuwa wapi mambo yakiharibika. Maambukizi ya cha kiwandani ni nadra, lakini huweza kujitokeza baada ya miezi, hata miaka. Wakati huo yuko Kasulu au Kibondo, ana uvimbe juu ya kovu, na zahanati inaona jipu. Likipasuliwa kwa wembe, ateri inamwagika mezani.

SISTA: Hapo umenisukuma zaidi upande wa vena.

DAKTARI: Vyovyote vile, aina ya kiraka iandikwe kwenye barua ya kuruhusiwa, na chini yake: uvimbe wowote hapa, ultrasaundi kwanza.