Damu inaharibikia kwenye friji, kisha tunaambiwa wananchi hatuchangii!

Wakuu, tuambizane ukweli kuhusu damu huku Nyanda za Juu Kusini, hasa Makete na Ludewa mkoani Njombe. Kipaza sauti kinapita kila mara: "wananchi jitokezeni". Watu wanajitokeza! Wanafunzi wa sekondari ndio wanaobeba benki za damu nchi hii, ndiyo maana shule zikifungwa Juni na Desemba rafu zinabaki tupu. Shida inaanza sindano ikishatoka mkononi.

Damu nzima kwenye mfuko wenye CPDA-1 (dawa ya kuilinda isigande) inakaa siku 35, tena kwenye nyuzi 2 hadi 6. Siku zinahesabiwa tangu inapotolewa, siyo inapofika wodini. Sampuli ziende kituo cha damu cha kanda, Mbeya, zipimwe VVU, homa ya ini B na C, kaswende na kundi la damu. Masika yakianza, sampuli inasubiri gari, gari linasubiri mafuta, mafuta yanasubiri saini. Majibu yakichukua wiki mbili, mfuko umebakiza tatu, na hapo tuombe umeme usikatike.

Halafu kuna huu ujinga wa "huku baridi, haiharibiki". Baridi ya Makete mchana ni nyuzi kumi na kitu. Kwa damu hilo ni joto, bakteria wanastawi. Usiku wa Juni na Julai mambo yanageuka, maji yanaganda nje, na kasha lililosahauliwa garini linaganda nalo. Hata friji ya nyumbani inafanya hivyohivyo: mfuko ukiegemea ukuta wa barafu, chembe nyekundu zinapasuka. Simamisha mfuko huo utulie uone, maji ya juu yanakuwa mekundu badala ya njano. Mgonjwa akitundikiwa mfuko huo, figo zake ziko hatarini. Friji ya damu ina feni, kengele na karatasi inayochora jotoridi. Kuna vituo vinatumia friji za soda!

Mizani nayo. Mfuko wa mililita 450 una mililita 63 za dawa ya kuzuia damu isigande. Bila mizani mtu anakadiria kwa macho: ikiingia chini ya 405, dawa inazidi, mfuko unatupwa. Usipotikiswa wakati wa kutoa, damu inaganda humohumo. Karibu nusu lita ya mtu jalalani, kisa mizani.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Akifika hapo, ndugu wanaambiwa "leteni watu wawili wachangie". Mtu aliyebanwa hivyo, nani atakiri kwenye dodoso la wachangiaji mambo yake ya wiki iliyopita? Kipimo cha haraka cha kingamwili hakioni maambukizi mapya kiasi hicho, na Njombe ndiyo inayoongoza kwa VVU nchini. Wajanja wa getini nao wanajua pa kumpata "mchangiaji" wa kulipwa, chini ya bango la DAMU HAIUZWI.

Wahusika wabandike kila Jumatatu: chupa zilizokusanywa, zilizotupwa na sababu yake, O hasi zilizobaki. Sampuli zipande basi la asubuhi kwenye kasha la baridi, zisisubiri gari la halmashauri. Mlioko maabara za wilaya nyingine, huko kwenu hesabu ya chupa zilizotupwa inabandikwa wapi? Au nayo ni siri ya ofisi?