Mbwa wa miezi 9 anarukia wageni: banda, kamba au mafunzo?

MzeeWaBaraza
Wakuu, habari za jioni. Nina dume wa miezi 9, baba yake German Shepherd, mama koko wa mtaani. Tunamwita Simba. Usiku mlinzi safi kabisa. Shida ni mtu akipiga hodi: anaruka, miguu kifuani, na mkojo unamtoka kwa furaha. Juzi shemeji kaja na kanzu nyeupe akielekea swala ya alasiri. Alama mbili za matope kifuani, na mkono kalambwa. Alirudi kwake bila hata kukaa. Nifanyeje: nimfungie bandani, nimfunge kamba barazani, au afundishwe? Nani kajaribu ipi?

Kitongoji_4
Banda. Mgeni hakuja kumwona mbwa.

DadaWaKuku
Kamba usithubutu, kaka. Wetu tulimfunga kwenye mwembe karibu na geti. Kila anayepita anamwona, anavuta, anakabwa shingo. Alianza kwa furaha kama Simba wako, baada ya mwaka akawa anabweka kwa hasira na kuonyesha meno. Mwembe ule una mfereji kuuzunguka mpaka leo.

Muuza_Dagaa
Mimi nilifundisha kwa neno hilohilo "hodi". Tandika gunia mbali kidogo na mlango. Ukiwa ndani na familia tu, sema hodi, mwelekeze kwenye gunia, akikaa mpe dagaa mmoja. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni, basi. Akizoea, mtoto atoke nje agonge kweli. Halafu jirani. Mgeni mgeni awe wa mwisho kabisa. Watu wengi wanaanza na mgeni ndiyo maana wanashindwa. Na kabla ya wageni kufika mtembeze nusu saa. Miezi 9 ni ujana, nguvu lazima ziishie mahali.

Kitongoji_4
Au akiruka mpige goti la kifua. Dawa ya siku moja.

DadaWaKuku
Goti linaumiza, na mwingine anadhani ndio mchezo wenyewe. Mpe mgongo, mikono kifuani, kimya. Miguu minne ikigusa chini ndipo umsalimie.

MzeeWaBaraza
Mgongo nilimpa siku mbili, akazidi! Kanirarua shati.

Muuza_Dagaa
Mwanzoni huzidi, maana njia yake ya zamani imegoma, anaongeza nguvu. Ukimgusa hapo, hata kwa kumsukuma, umemlipa. Nyumba nzima ikubaliane, na dada wa kazi pia.

Mwanafunzi_Mifugo
Huo mkojo usimgombezee. Wengi wanaacha wakikua, ukali unazidisha. Msalimieni nje, bila kumwinamia. Na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe ya sasa, kwani hata ukucha wa furaha unachubua. Kuhusu shemeji, hapo naungana na Kitongoji. Kwa Mashafii (Waislamu wa madhehebu ya Shafii) mate ya mbwa ni kuosha mara 7, moja kwa udongo. Mtu wa namna hiyo mbwa awe bandani *kabla* hajafika geti, si baada, na mfupa mbichi mkubwa wa kumshughulisha. Wa kuku uliopikwa hapana, unapasuka vipande vyenye ncha kali.

MzeeWaBaraza
Mrejesho, wiki ya 3. Shemeji kaja tena, kapiga simu akiwa kituoni, Simba kaingia bandani na mfupa wake, wala hakubweka. Hodi za watoto anakwenda kwenye gunia mwenyewe, mkia unafagia sakafu. Dagaa nusu kilo zimekwisha, mke wangu ananiangalia vibaya. Kigingi ni mama jirani. Simba amekaa vizuri kabisa, yeye anapiga makofi, "Jamani Simba wangu, njoo!" Mbwa anaruka, mama anacheka, kazi ya wiki nzima imekwenda. Ni mkubwa kwangu, nimemwamkia miaka yote. Namwambiaje?

Muuza_Dagaa
Mpe yeye hizo dagaa, umwambie asimpe mpaka akae.