Malalamiko: Orodha za "Kivinjari Bora" Haziandikwi kwa Ajili Yetu

Asalaam aleikum wanajamvi.

Nina duka dogo la kompyuta hapa Langoni, Amu, lenye mashine tatu za mitumba: mbili zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na ya tatu, ambayo wateja wameibatiza sultani, ina GB 8. Watu huja kujaza fomu za serikali, kutuma maombi ya kazi, kuchapisha barua na kufungua barua pepe ambazo nywila zake wamekwisha kuzisahau. Kwa zaidi ya nusu mwaka nimekuwa nikifuata makala zinazolinganisha vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, kwa faragha, kasi na uhuru wa kuvibadilisha mtu apendavyo, nikiamini kwamba walioziandika wamevitumia vivinjari hivyo walau kwa wiki moja. Ushauri wao umeniaibisha mara mbili mbele ya wateja, na sasa nimechoka.

Aibu ya kwanza ilihusu faragha. Kijana mmoja aliketi kwenye kompyuta ya dirishani, akabonyeza herufi mbili katika sehemu ya anwani, na papo hapo kivinjari kikamkamilishia swali lililotafutwa na mtu aliyeketi hapo kabla yake: swali la ugonjwa, tena ugonjwa ambao mtu haongei habari zake hata na mkewe. Amu ni mji wa vichochoro, na habari huhama kutoka baraza hadi baraza haraka kuliko boti ya Shela. Kijana huyo alikuwa amepishana mlangoni na mwenye swali. Alinitazama, nami nikamtazama, kisha sote wawili tukajifanya tunasoma bei za fotokopi ukutani. Kivinjari hicho ndicho kilichopewa nafasi ya kwanza ya faragha katika orodha niliyoifuata. Ni kweli kwamba kilizuia matangazo yasimwandame mteja wangu kutoka tovuti hadi tovuti, lakini hakikumsitiri kwa jirani yake, na katika mji kama huu jirani ndiye wa kwanza kuogopwa. Orodha ile haikuwa na neno hata moja kuhusu mashine inayokaliwa na watu wengi kwa siku, kana kwamba kila binadamu ana kompyuta yake na chumba chake cha kujifungia.

Aibu ya pili ilimgharimu mtu. Mama mmoja wa Faza alikuja asubuhi kulipia ombi la mwanawe akiwa na saa mbili tu, kwa sababu boti za kwao husubiri maji yajae ndipo zipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na yakishaanza kutoka hazimsubiri mtu. Tulijaza fomu yote vizuri. Tulipofika kwenye malipo, lile dirisha dogo linalopaswa kuomba namba ya simu lilikuja jeupe pe. Nikaupakia ukurasa upya, fomu ikafutika yote. Tukaanza tena, likaja jeupe tena. "Mwanangu, maji yanakupwa," akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko tusi. Ilikuwa mara ya tatu ndipo nikagundua kwamba kizuizi cha vifuatiliaji, yaani vijiprogramu vinavyomwandama mtu kutoka tovuti hadi tovuti, kile kile kilichomiminiwa nyota tano, kilikuwa kimelichukulia dirisha la malipo kuwa kifuatiliaji kwa vile lilitoka kwenye anwani tofauti na ya ukurasa wenyewe. Nilikizima kwa tovuti hiyo pekee, malipo yakapita ndani ya dakika moja, na boti ilikuwa imekwisha kuondoka. Mama wa watu akalala kwa jamaa zake Mkomani. Sikumtoza hata shilingi, lakini siku yake haikurudi.

Kivinjari chenyewe sikitaji, kwa kuwa niliyoyaona ni ya mashine zangu, na sehemu ya kosa ni uzembe wangu wa kutoifungua mipangilio nikaisoma. Ninaowalalamikia ni walinganishaji.

Hebu tazameni wanacholinganisha. Chrome, Edge tangu mwaka 2020, Opera tangu mwaka 2013, Brave, Vivaldi na kile cha simu za Samsung, vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi wa wazi wa kujengea vivinjari, ambao kazi yake kubwa hufanywa na Google. Firefox ina injini yake (sehemu inayousoma na kuuchora ukurasa), Gecko, na Safari ina WebKit. Kwa hiyo mtu anayetutangazia kwamba Edge imeishinda Brave kwa kasi ya kufungua kurasa anashindanisha mahamri ya unga mmoja yaliyotoka karai moja, ambapo tofauti ikiwapo ni ya iliki. Mambo yanayotofautiana kweli ni yale yaliyobandikwa juu ya injini: kipi kinazuia matangazo kabla hujakiambia, kipi kinajaza ukurasa wa kwanza kwa habari usizoziomba, na kipi kinapeleka nini kwa nani. Hayo yanamtaka mtu akae achunguze, na kuchunguza hakulipi kama kunakili orodha ya mwenzako. Google ilipobadilisha kanuni za viendelezi, zile programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari, mabadiliko yanayojulikana kama Manifest V3, toleo kamili la uBlock Origin, kizuizi mashuhuri cha matangazo, lilizimwa ndani ya Chrome na kubakizwa toleo dogo lililopunguzwa nguvu. Hata baada ya hapo nimesoma makala inayowaambia watu waweke Chrome kisha waongeze uBlock Origin, ambayo ni dalili tosha kwamba mwandishi hakukifungua kivinjari anachokisifu.

Katika suala la faragha ndipo hasira yangu inapopanda zaidi. Hadi leo watu wanaandikiwa kwamba hali fiche (incognito) inawaficha. Hali fiche hufuta historia na vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviacha ili zikukumbuke) katika mashine yako unapofunga dirisha, basi. Haimzuii mwenye tovuti wala mwenye mtandao kukuona. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hili hili, na katika mapatano yaliyowasilishwa mahakamani mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi za data na kurekebisha maelezo inayowapa watumiaji. Habari hiyo ilienea dunia nzima, isipokuwa kwa waandishi wa orodha.

Na sijakutana na orodha inayouliza ni nani anayemlipa mshahara mtengenezaji wa kitu ambacho mimi sikilipii. Kesi ya ukiritimba dhidi ya Google huko Marekani ilifichua kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili utafutaji wake uwe ndio uliotangulizwa katika simu na vivinjari vya wengine. Mozilla, wenye Firefox, ni miongoni mwa wapokeaji, na sehemu kubwa ya mapato yao hutoka huko. Anayeihamia Firefox kwa kuikimbia Google anastahili kuambiwa kwamba anachokitafuta bado kinakwenda Google mpaka abadilishe mwenyewe kwa mkono wake. Brave, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Brendan Eich na Brian Bondy, ina matangazo yake na sarafu yake ya kidijitali; mwaka 2020 ilibainika kwamba ukiandika anwani ya soko la sarafu la Binance, kivinjari kilikuwa kikiichomekea msimbo wa kujipatia kamisheni, Eich akaomba radhi na jambo likarekebishwa. Kivinjari cha simu cha DuckDuckGo, kampuni ya utafutaji inayojinadi kwa faragha, nacho, mwaka 2022, kilikutwa kikiviachia vifuatiliaji vya Microsoft vipite kwa sababu ya mkataba wa utafutaji baina yao, na baadaye mwaka huo huo kizuizi kikapanuliwa. Simwambii mtu aviache vivinjari hivi. Kimojawapo ninakitumia hadi leo. Ninachodai ni kwamba haya yaandikwe kando ya zile nyota tano. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa tunatembezewa vyote kwa sauti moja.

Kasi nayo hupimwa kwenye mashine mpya na kwa intaneti ya nyumbani isiyohesabu megabaiti, ilhali wengi wetu tunavinjari kwa bando la simu. Chrome na jamaa zake hutenga kila tovuti katika mchakato wake. Ni kinga nzuri, kwani ukurasa mmoja ukianguka hauwaangushi wenzake na tovuti mbovu haichungulii ya jirani, lakini kwenye GB 4 vichupo kumi (kurasa zilizofunguliwa kwa pamoja) vinatosha kuifanya mashine ihangaike kama punda aliyepakiwa mawe ya matumbawe saa saba mchana. Kilichonisaidia ni kuzuia matangazo, si kuhama kivinjari. Ukurasa wa gazeti uliokuwa ukitambaa hadi mteja anatoka kwenda kununua kahawa sasa unafunguka kabla hajavuta kiti. Kwenye simu, Firefox ya Android huipokea uBlock Origin, wakati Chrome ya Android haipokei viendelezi. Tofauti hii moja ina manufaa kwa mwenye bando dogo kuliko vipimo vyote vya sekunde, na mara nyingi hupewa nusu mstari.

Halafu kuna Opera Mini, ambayo wengi wetu tuliijulia intaneti. Inaokoa bando, hilo halina ubishi, kwa sababu kurasa hubanwa katika seva za kampuni kabla hazijakufikia. Lakini katika ile hali ya kubana kupita kiasi, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva hizo, hata ukurasa uliosimbwa (uliofungwa kwa msimbo ili wa njiani asiusome), na maana yake ni kwamba kati yako na tovuti yako amekaa mtu wa tatu. Kwa kusoma matokeo ya mpira sina neno. Kwa kuandika nywila ya benki, hapana. Orodha huandika "huokoa data", kisha hupita zake.

Kuhusu kubadilisha muonekano sina mengi. Vivaldi, ya Jon von Tetzchner aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Opera, hukuruhusu kuhamisha karibu kila kitu, vichupo juu, chini au ubavuni, nami nilipoteza Ijumaa nzima baada ya swala nikiipamba kama bibi harusi. Jumamosi wateja wakaniuliza pale pa kuandikia pamekwenda wapi. Badiliko pekee lililonifaa dukani ni la lugha: Chrome hukubali kuwekwa katika Kiswahili, na mzee akisoma "Chapisha" na "Pakua" kwa macho yake haniiti kila dakika. Hakuna mlinganisho nilioukuta uliokipa Kiswahili hata nusu alama.

Kwa sasa mashine mbili ndogo zina Firefox niliyoiamuru ifute historia, vidakuzi na yaliyojazwa kwenye fomu kila inapofungwa, na nimezima mapendekezo yanayotokana na historia. Ile sultani ina Chrome ninayoifungua katika hali ya mgeni, isiyoona chochote cha mtu mwingine na isiyobakiza kitu dirisha likifungwa, na hiyo ndiyo ninayoitumia kwa kurasa za malipo. Kwa kazi hii naona inaishinda hata hali fiche, wala sikuisoma popote. Niliikuta nikiwa natafuta jambo lingine. Ukutani, chini ya bei za fotokopi, nimebandika karatasi inayomtaka kila mteja afunge dirisha lote anapoondoka.

Wenye maduka kama langu, muwe Mokowe, Kizingitini au Malindi, andikeni hapa aina ya mashine, RAM yake, kivinjari mnachokitumia, na kama dirisha la malipo hufunguka bila kuzima kizuizi. Wanaokuja kuniandikia kwamba ninunue kompyuta mpya wajihifadhi. Yule mama wa Faza anarudi mwezi ujao kulipia ombi la mtoto wa pili, na ninataka niwe nimelijaribu dirisha hilo kabla boti yake haijafunga gati.