Niliuza X-T3 ili ninunue X-T4 kwa sababu ya ulinganisho wa uongo. Mnaolinganisha kamera, mmetuingiza mjini!

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo wiki nzima nikijiambia litapita. Halijapita. Leo nalimwaga lote hapa, na atakayeona ni refu avumilie, kwa sababu najua kuna mtu yuko njiani kufanya kosa hilihili.

Nilikuwa na Fujifilm X-T3. Kamera ile nilikuwa naijua gizani, kila kitufe kidole kinajiendea chenyewe. Shida yangu nayo ilikuwa moja tu: fokasi kwa mtu anayetembea. Bibi harusi anaingia ukumbini, kile kisanduku cha uso kwenye skrini, kinachoonyesha kamera inalenga ukali wapi, kinamdaka, kinamwachia, kinaenda kung'ang'ania pazia la nyuma. Napiga picha arobaini za ule mwingilio, nikifika kwenye kompyuta zinazofaa ni saba au nane. Shela limetoka kali, uso wa mwenye shela umefifia. Anayefanya kazi hii anajua inavyouma, maana bibi harusi humwambii arudi mlangoni aingie upya.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma: nibaki na hii ya zamani au nipande X-T4? Ndipo nikakutana na video ya bwana mmoja ambaye sitamtaja jina. Kaziweka kamera mbili mezani, taa nzuri, sauti nzuri, anaongea kwa uhakika kama hakimu. Akatembea kuelekea X-T3, kisanduku kikampoteza. Akatembea kuelekea X-T4, kisanduku kikaganda jichoni hadi mwisho. Hukumu yake: kama unapiga watu wanaotembea, X-T3 iuze. Nikaenda kwa muuzaji mwenye kamera zote mbili kabatini, nikamuuliza swali hilohilo moja. Akanijibu bila hata kupepesa: "Kaka, fokasi ya hii na ile ni mbingu na ardhi."

Nikauza. Nikaongeza pesa juu, nikachukua X-T4 iliyotumika.

Wiki ya tatu nikaitwa kusaidia kazi ya rafiki yangu ambaye bado anatumia X-T3. Tumesimama bega kwa bega, lenzi zetu zote mbili ni XF 35mm f/2, tunampiga mtu mmoja anayekuja kwetu. Nikachungulia skrini yake. Kisanduku kimeganda jichoni kama changu. Nikadhani ni bahati, nikamwomba kamera nijaribu mwenyewe. Nikajaribu mara kumi. Ni ileile! Nikamuuliza umeifanya nini hii kamera. Akaizima, akabana kitufe cha DISP/BACK, akaiwasha huku amekibana. Skrini ikaandika toleo la programu ya kamera, na chini yake toleo la lenzi. "Wewe yako ilikuwa ngapi?" Sikuwa na jibu. Toka niinunue sikuwahi kuisasisha hata siku moja.

Sasa sikilizeni vizuri. Oktoba 2020 Fujifilm walitoa toleo 4.00 la programu ya X-T3, bure, na kazi yake kubwa ilikuwa kuipa X-T3 fokasi ya kiwango cha X-T4. Unapakua faili, unaliweka kwenye kadi, unaweka betri iliyojaa, unasubiri dakika chache, basi. Na wala si muujiza. Ndani hizi kamera ni ndugu wa tumbo moja: sensa, yaani kile kinachonasa mwanga, ni ileile ya X-Trans CMOS 4 yenye megapikseli 26.1, prosesa ni ileile ya X-Processor 4. Sensa hiyohiyo wameiweka kwenye X-T30, X-Pro3 na X-S10. X-T3 ilitangazwa Septemba 2018 na X-T4 Februari 2020, na kilichotenganisha fokasi zao kilikuwa maandishi tu ya programu, ambayo yaliletwa kwa wote miezi nane baadaye.

Ile video ilirekodiwa X-T4 ilipotoka. Siku ile alisema kweli, sawa. Lakini ipo hadi leo, watu wanaitazama hadi leo, na hajaandika hata mstari mmoja chini yake kusema hali imebadilika. Kuna watu kumi wameuliza kuhusu hilo kwenye maoni, hakuna aliyejibiwa. Mbaya zaidi ni hawa waliokuja baada yake, waliolinganisha kamera hizihizi mwaka mmoja au miwili baadaye wakarudia maneno yaleyale neno kwa neno. Hao X-T3 hawakuishika kabisa. Wamenakili. Na yule muuzaji je? Kamera zote mbili ziko kabatini kwake, alishindwa nini kuzitoa tukajaribu pale pale?

Halafu kuna ile sehemu ya picha za usiku. Alionyesha picha ya X-T3 imejaa chengachenga, ya X-T4 safi. Nimerudi kuitazama kwa jicho la hasira na sasa naona vizuri. Picha ya X-T3 nyuma yake vitu vyote vinasomeka. Ya X-T4 nyuma kumeyeyuka, taa zimekuwa duara kubwa laini. Lenzi mbili tofauti! Ya kwanza ni zumu ya f/2.8, ya pili ni ya f/1.4 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa zaidi), na kaitaja mwenyewe mwanzoni kwa nusu sekunde. Kutoka f/2.8 hadi f/1.4 mwanga unaoingia ni mara nne. Pale ambapo moja inahitaji ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga, kikipanda chenga zinaongezeka), nyingine inatosheka na 1600. Alilinganisha lenzi, akaipa kamera sifa. Sensa ni moja, chengachenga zitapunguaje?

Tuje kwenye yale ambayo hayakusemwa kabisa, na hapa ndipo nilipoumia.

X-T3 ina tundu la hedifoni ubavuni. X-T4 haina. Kwenye boksi jipya kunakuwa na kiadapta cha kuchomeka kwenye USB-C, lakini mimi nilinunua iliyotumika na aliyeniuzia hakunipa. Kazi ya kwanza ya video, baba wa bibi harusi anasimama kuongea. Mzee amepanga maneno yake kwenye karatasi, mikono inamtetemeka, ukumbi umetulia. Nimemvalisha maiki ndogo kwenye koti. Natafuta pa kuchomeka hedifoni nisikilize, sioni. Napapasa ubavu mzima wa kamera kwa vidole, huku mzee ameshaanza. Nikaamua kuamini vile vimistari vya sauti vinavyopanda na kushuka kwenye skrini. Vilikuwa vinapanda vizuri. Nyumbani nikakuta kila mzee alipovuta pumzi, koti lilisugua maiki: krrr, krrr, dakika sita nzima. Nimeisafisha nilivyoweza. Pale alipomtaja marehemu mama wa binti yake hapasikiki. Ningekuwa na hedifoni masikioni ningeisikia sekunde ya tatu, nikamsogelea nikaisogeza ile maiki.

Na hata ukiwa na adapta, tundu la USB-C ni moja. Ukichomeka hedifoni, huwezi kulisha kamera umeme kutoka pawabenki. Chagua.

Betri. Nilikuwa na betri tatu za NP-W126S na chaja yake. X-T4 inatumia NP-W235, umbo lingine kabisa. Zote tatu zikawa mapambo. Ni kweli hii mpya inakaa zaidi, kwa kipimo cha CIPA, umoja wa watengenezaji kamera wa Japani, ni picha 500 dhidi ya 390, sikatai. Lakini betri moja ya picha 500 haifikii betri tatu za 390, na anayelinganisha anatakiwa amkumbushe mtu kwamba akiba yake yote ya betri inakufa siku anapohama.

Skrini nayo. Ya X-T3 unaivuta juu ukaangalia kutokea kiunoni, inabaki nyuma ya lenzi, na hata kamera ukiisimamisha wima inainuka. Ya X-T4 inafunguka kwenda pembeni kama mlango. Anayejirekodi mwenyewe inamfaa sana. Mimi napiga watoto na watu waliokaa, kamera chini, na sasa macho yangu yanatazama kushoto wakati lenzi iko kulia. Fujifilm wenyewe walipotoa X-T5 mwaka 2022 walirudisha ile skrini ya zamani. Hili nalo hamkuliona la kutaja?

Nisiwe dhalimu. X-T4 ina sensa inayoelea ndani kutuliza mtikisiko wa mkono, X-T3 haina, na hakuna sasisho litakalokuja kuiweka kwa sababu ni chuma, si programu. Kwa lenzi zisizo na kitulizaji na kwa video ya kushika mkononi ni msaada mkubwa mno. Ila mtu akicheza, tulizo hilo halimgandishi. Kwa spidi ya 1/30 ya sekunde ukuta utatoka mkali na mchezaji atakuwa moshi. X-T4 ina pia ile rangi ya Classic Negative ambayo X-T3 haikupewa, na shata yake, kile kipazia kinachofunguka kila unapopiga, imepimwa kufika mara 300,000, jambo la maana kwa anayenunua iliyotumika. Anayehitaji hayo aende akanunue kwa amani. Mimi nilihitaji fokasi, na fokasi ilikuwa inanisubiri bure.

Na ugonjwa huu hauko kwa Fujifilm tu. Angalieni wanavyolinganisha Sony A7 III ya 2018 na A7 IV ya 2021. Wanazivuta picha zote hadi asilimia mia moja, wanasema mpya ina chenga zaidi. Jamani, moja ina megapikseli 24 na nyingine 33! Ukivuta hivyo, ile ya 33 unaitazama kwa ukubwa zaidi. Zipunguze zilingane saizi kwanza ndiyo uongee. Kwenye jedwali wanaandika picha 10 kwa sekunde hapa, 10 kwa sekunde pale, wanasonga mbele. Hawasemi kwamba A7 IV inafika 10 ukikubali RAW (faili ghafi la picha) ile iliyobanwa kwa kupoteza data, ukichagua isiyopoteza inashuka hadi kama 6. Hawasemi kwamba video yake ya 4K ya fremu 60 inakata pembeni. Na betri ni ileile, NP-FZ100, lakini kwa CIPA, ukipiga kwa kutazama skrini, kamera ya zamani inapiga picha 710 na mpya 580. Yote haya yameandikwa wazi kwenye karatasi za kamera zenyewe. Ni kusoma tu!

Ninachodai si kikubwa. Unapoweka kamera mbili mezani, onyesha toleo la programu la kila moja, na tarehe. Lenzi moja, uihamishe kutoka mwili huu hadi ule. Picha zilingane saizi. Na kamera ya zamani uipime ilivyo leo, kwa sababu mtu atainunua leo, hatainunua ilivyokuwa siku inazinduliwa.

NIMERUDI: Kuna mdau kasema kosa ni langu kwa kutosasisha kamera yangu. Nakubali nusu. Kusasisha ilikuwa juu yangu. Lakini anayejitangaza kwamba kazi yake ni kutushauri tununue nini, na watu wanatoa pesa kwa neno lake, naye ana jukumu. Fundi akikwambia injini imekufa kumbe ni plagi, utasema kosa ni la mwenye gari peke yake?

Mwingine kaniuliza kwa nini nisiiuze X-T4 nirudi nilikotoka. Nimepiga hesabu. Nikiuza nakula hasara mara ya pili, betri zile tatu nilishazigawa, na lenzi yangu ya zamani isiyo na kitulizaji sasa nimeizoea ikiwa juu ya sensa inayoelea. Nabaki nayo. Adapta ya hedifoni nimeshaagiza.

Mwenye X-T3 anayefikiria kuiuza wiki hii: izime, bana DISP/BACK, iwashe, soma namba, uiandike hapa chini kabla hujaongea na muuzaji yeyote.